Kiti cha Tatu

Siku ya kwanza Kibuye, Fundi Nasimiyu alisema,
"Nipe tupa,"
nami nikatupa.
Kipande cha bomba kikavuka mtaro
kikaangukia masufuria ya jirani.
Hakucheka. Alinionyesha chuma chenye meno madogo, kama ulimi wa paka:
"Hii ndiyo tupa. Na hilo linalouma bila kumeza ni jiliwa.
Jifunze majina kwanza. Kifaa usichokijua jina
kitakujua vidole."

Nikajifunza.
Keekee hutoboa ukiisihi, hukatika ukiisukuma.
Grenda haina rafiki.
Moto wa kuchomelea hautazamwi kwa jicho tupu.
Nilitazama, mara moja tu,
na usiku kucha nililala na mchanga chini ya kope,
vipande vya kiazi kibichi juu yake,
Shangazi Risper akiuliza kutoka kitandani kwake,
"Mgonjwa ni mimi au ni wewe?"

Shangazi ni mshonaji, Nyalenda.
Mguu wake wa kushoto ulibaki Russia,
si ng'ambo, ni hospitali yetu ya hapa hapa,
jina la mtaani tu. Sukari iliuanza kidoleni
ikaumalizia gotini.
Tangu hapo dunia yake ni kitanda, cherehani,
na jina langu,
aliloliita kila alipotaka kwenda haja.

Kiti cha kwanza kilikuwa kizuri.
Wiki sita. Gurudumu la wilbaro mbele
kwa sababu ya udongo wetu mweusi, ule unaovua watu viatu.
Nilikipaka rangi ya samawati kabla ya kukijaribu.
Kikafika mlangoni
kikagoma.
Shangazi, aliyekwisha kujifunga leso yake ya kutokea,
alitazama chuma, akatazama mlango,
akacheka hadi akashika mbavu:
"Umenipima mimi. Mlango je?"

Kisha akavua utepe shingoni,
ule wa kushonea, namba zimefutika kuanzia thelathini,
akaniamuru: mlango. Kona ya jikoni. Kizingiti cha choo.
Nyonga yake akiwa amekaa, si akiwa amelala.
"Mimi sikati kitambaa cha mtu kabla ya kukata karatasi."
Tukatandaza mifuko ya saruji sakafuni
akachora kiti kwa chaki yake
kama anayechora gauni la bibi harusi mwenye haraka.

Kiti cha pili kilipita mlangoni.
Kilipinduka mbele ya mama wa chapati.
Sitaki kukieleza.

Kwa Wekulo, karakana ya chuo,
ipo mashine inayotema uzi wa plastiki,
ikijenga kitu tabaka juu ya tabaka, bila nyundo, bila jasho.
Tulitaka mpini wenye umbo la kiganja cha Shangazi.
Saa tatu, alisema Wekulo. Saa ya pili stima ikapotea.
Nusu ya mpini ule, ndani wazi,
leo ni kikombe chake cha vifungo.

Kiti cha tatu bado hakijapakwa rangi.
Breki ya kushoto ina maoni yake.
Lakini mlangoni kinapita, vidole viwili huku, vidole viwili kule,
na juzi, saa nane usiku, mvua imekatika,
nikasikia beringi ikilia, kwii, kwii,
kupita kichwani pangu, kupita jikoni, nje.
Nikakaa macho nikilingoja jina langu.
Halikuja.
Maji yakamwagwa chooni. Vyura.
Kisha kwii, kwii, kurudi. Kitanda kikanung'unika.

Asubuhi Nasimiyu akanipa mkebe wa grisi:
"Beringi hiyo inakuaibisha."
Nimeuweka chini ya cherehani.
Nitaitia. Kesho, labda.
Au wiki ijayo.