Wa Nane

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa idara, Chiromo,
kwa gundi iliyokwisha kukauka upande mmoja,
likawa linapiga makofi kila upepo wa Julai ukipita:
mwaka wa nne, chagueni mawili kati ya sita,
mwisho Ijumaa, saa sita ya usiku.
Somo lisilofikisha wanafunzi wanane
litafutwa.

Chelagat alichagua kwa dakika mbili,
Takwimu za Afya na Usimamizi wa Maabara,
kisha akarudia kucha zake na rangi ya zambarau.
"Kazi ziko huko," akasema, na hakukosea.
Wafubwa alitafuta masomo yasiyo na kipindi cha asubuhi;
naye pia, kwa njia yake, hakukosea.

Mimi nilikuwa na moja mkononi. Takwimu, bila shaka.
La pili nililizunguka siku nne
kama paka na bakuli la uji wa moto:
Elimu ya Kuvu. Mhadhiri: Daktari Andisi.
Waliojisajili: saba.

Nikifungua tovuti, saba.
Nikishuka Ngara kununua chapati, nikipanda tena, saba.
Nikawaza hao saba ni akina nani,
wameketi vyumba gani, wakiitazama saba yao
kama abiria wa gari lililozimika
wanaomngoja mpita njia aje asukume.

Baba alipiga simu kutoka Wote.
"Kuvu? Ule ukungu wa mkate?"
Nikasema ndio, na mwingine.
Akanyamaza. Nilisikia redio yake, bei ya ndengu.
"Kalekye, mchagua jembe si mkulima.
Chukua la kukulisha."

Nikampa sumukuvu. Nilikuwa nimeiweka tayari:
mahindi yanayoharibika ghalani, maini ya watu,
wizara inayotafuta wataalamu.
Yote kweli. Akaguna guno la mtu anayekaribia kukubali,
nami nikaona haya,
kwa maana hiyo haikuwa sababu.

Sababu ni alasiri moja ya mwaka wa pili.
Umeme ulikuwa umerudi, wenzangu wameshaenda kula,
zamu ya kuosha vioo ilikuwa yangu,
na kile cha mwisho, kabla ya kukiosha,
nikakiinamia kwenye hadubini.
Ganda la chungwa bovu, basi.
Lakini mle ndani msitu,
vijiti vyembamba kuliko unywele,
kila kimoja na kifagio chake cha buluu,
vimesimama wima, kimya,
kana kwamba vinaningoja nimalize kelele zangu.
Sikukiosha kile kioo. Chakula kikanipita.
Ningemwambiaje mtu aliyeuza fahali wawili
kwamba niliona uozo nikaupenda?

Ila nalikumbuka duka moja la Wote,
mimi darasa la tatu, yeye akiinua majembe
moja moja, akiyagonga kwa ukucha,
akiyategea sikio.
Kumi na moja aliyarudisha. Mwenye duka akaanza kusonya.
La kumi na mbili likaitika.
Baba akatabasamu, hakunieleza kitu,
akalipa.
Mpini ameubadilisha mara tatu. Jembe ni lile lile.

Ijumaa, saa tano na dakika hamsini,
chuo kizima kilikuwa mlango mmoja kikisukumana.
Tovuti ikagoma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
Chelagat anakoroma, vidole vya zambarau nje ya blanketi.
Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.
Saa sita kasoro dakika mbili ukurasa ukafunguka:

Elimu ya Kuvu. Waliojisajili: tisa.

Nikaihesabu ile namba kana kwamba ina vidole.
Kwa hiyo kuna mwingine,
Kariokor, Kahawa, sijui wapi,
aliyekaa na yake mpaka dakika hizo hizo.
Mmoja wetu ndiye aliyeliwasha gari.
Mwingine alifika likiwa tayari linanguruma,
akaweka mkono tu.