Matundu Sita

Sikugombea kwa hasira, ingawa ndivyo wanavyosimulia Ngamiani.
Niligombea kwa sababu ya marinda.

Miaka kumi na minane nashona sare, barabara ya kumi na tano.
Watoto wa shule ile nawajua kwa viuno kabla ya majina:
yule wa inchi ishirini na mbili, yule ambaye pindo lake
nimelifumua mara tatu na sasa hakuna tena cha kufumua.
Mwaka ule wasichana wa darasa la saba
wakaanza kuja mmoja mmoja:
"Fundi, tutilie mfuko wa ndani."
Nilipouliza wa nini, wakatazama chini.
Wa kufichia kitambaa, mpaka warudi nyumbani.
Shuleni vyoo viwili, watoto mia tisa,
na mlango mmoja ni gunia la mkonge.

Nikaenda kuchukua fomu. Fomu hakuna.
Mwalimu Kihiyo alichana karatasi ya daftari,
akaandika jina langu kwa wino mwekundu.
"Kalamu ya buluu imeisha," akasema, kama anaomba radhi.

Singano, muuza saruji, kamatini vipindi vitatu,
hakuja kunitisha. Alikuja kupimwa kanzu.
Nikamzungushia futikamba, akashusha pumzi:
"Kamati ina mambo mengi, Mwanatumu. Cherehani haitakungoja."
Nikamwambia, "Inua mkono."
Nikaandika: kifua, arobaini na sita.
Kanzu niliishona vizuri. Kazi ni kazi.

Siku ya mkutano mkuu wa wazazi
baiskeli ziliegemezwa ukutani mpaka langoni.
Tulikaa kwenye madawati ya wanetu, magoti yakigonga mbao.
Hotuba niliiandaa; nikaiacha mkobani.
"Mimi nataka choo," nikasema. "Chenye mlango, maji,
na pipa la kufunika. Asiyekitaka asinichague."
Mzee mmoja akauliza kama hayo ni ya kusemwa mbele za watu.
Mama mmoja nyuma akamjibu:
"Yasemewe wapi basi, chooni? Hakipo."

Mikono ilihesabiwa mara mbili.
Singano hamsini na nane. Mimi sitini.
Katika ile sitini upo mmoja sijawahi kuutaja,
wa Bi Mkasi, mkewe Singano:
ulipanda nusu, kama anayetengeneza ushungi,
ukabaki huko huko mpaka ukahesabiwa.

Nilidhani yamekwisha.
Kumbe kuchaguliwa ni kukata kitambaa;
kushona bado.
Vikao Jumamosi, saa tatu inayoanza saa tano.
Ajenda ya kwanza, kufungua. Ya pili, yatokanayo.
Yatokanayo hayaishi.
Daftari la matumizi nilijifunza kulisoma kwa kidole,
kama mtoto anayeanza juzuu.
Saruji, mifuko hamsini.
Nikaenda kwenye msingi na futikamba yangu,
nikapima shimo, nikapima ukuta,
mwashi akinitazama kama napima sanda.
Hamsini haikuwepo pale. Labda thelathini na mmoja.
Nikataka iandikwe kwenye muhtasari. Ikaandikwa. Ikasomwa.
Afisa elimu kata akakunja miwani,
akasema tuahirishe.

Tuliahirisha mara nne.

Leo choo kipo. Tulipitisha matundu sita; yako manne.
Bomba hutoa maji siku likipenda.
Wapo wanaonipita sasa na vitambaa vyao, kwenda barabara ya tisa.
Singano hanisalimii, ila kanzu anaivaa kila Ijumaa
na mabega yamemkaa.

Kipindi changu kinaisha Machi. Wananiuliza, utarudi?

Jana alikuja msichana wa darasa la sita na sketi mpya.
Nikamuuliza kama nimtilie mfuko wa ndani.
Akafikiri.
"Tia tu," akasema. "Nitaweka penseli."

Nimeutia, huku nikihesabu.
Sita kutoa manne, mawili.
Mwalimu Kihiyo nimemnunulia kalamu ya buluu.