Kipimo cha Kwanza Hutupwa

Ibra, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Chuma cha kisanduku hakishikiki.
Ndani yake namba moja haitaki kukaa:
volti moja nukta mbili, nukta tatu, nukta mbili tena,
na chini kwenye falaji maji yametulia tuli,
hata unyasi ulioanguka juu yake hausogei.

Anayetetemeka, basi, si maji.
Ni sisi tulio katikati.

Sukumaran kachuchumaa, kofia kaivua,
akazisokota nyaya mbili kama kamba ya usumba.
Akasema, kwa Kiarabu chake cha Kerala:
kelele ikiingia, iingie kote sawa;
kisha toa hii katika ile,
kinachobaki ndicho.
Akaikuta ardhi imefungwa pawili. Akakata pamoja.

Pampu ya jirani ilibaki.
Inavuma mara hamsini kwa sekunde,
panda shuka, panda shuka,
nikaona sina haja ya kugombana nayo.
Nakusanya kwa milisekunde ishirini kamili,
wimbi zima, si nusu, si robo,
kilima chake kifukie bonde lake.
Ukikatiza mapema
unabaki na kilima mkononi, unakiita maji.

Lakini mlango wa nne ukazidi kudanganya.
Kila mara juu kidogo, juu kidogo.
Kelele ingeyumba huku na huku.
Huu ulikuwa uongo wenye msimamo.

Nilielewa usiku, nikisuuza vikombe vya kahawa.
Kifaa kina milango minane na finjani moja.
Mlango wa tatu ni paneli ya jua: volti nne,
finjani inafurika; hapo hapo inapelekwa kwa maji,
nayo maji yanaleta chao kwa mrija mwembamba, tone, tone,
na kabla hawajawahi kusawazishana
mtu keshasoma.
Kahawa ya mgeni aliyetangulia
imeandikwa kwa jina la aliyefuata.

Dawa yake ni adabu tu.
Tia kapasita ndogo mlangoni, birika liwe karibu.
Geukia mlango wa nne. Soma. Tupa.
Ngoja.
Soma tena.

Mama yuko ndani, chini ya kiyoyozi.
"Mama, dawa umemeza?"
"Jiko nimezima."
La jiko nilimuuliza tulipokuwa tukila.
Nahesabu moyoni mpaka tisa,
nauliza vile vile, kwa sauti ile ile, nisimtikise.
"Nimemeza. Ile nyeupe. Nyekundu bado."

Dada yangu, kwenye simu kutoka Maskati, anasema anapotea.
Mimi nasema mrija umekuwa mwembamba.
Tunanyamaza wote wawili, na simu nayo ina mvumo wake.

Jioni ya Jumanne:
"Mama, chai?"
"Mwambie Thuwaiba aanue nguo, mvua hiyo."
Kiswahili cha Wete, cha haraka, cha mtu anayekimbia.
Hapa mvua haijagusa ardhi tangu Machi.
Thuwaiba simjui. Katika ukoo wetu hayumo.
Nikahesabu mpaka tisa.
"Chai, ndiyo. Usitie sukari."

Nikatia sukari kidogo. Akanywa, hakusema kitu.

Kwenye programu nimeongeza safu moja,
ya vile vipimo vya kwanza, vya kutupwa.
Sukumaran akaiona, akacheka:
za nini hizi? Si za maji.
Najua, nikamwambia.
Si za jua pia, akasema, zimekwisha kuchanganyika.
Najua.
Akafunga kisanduku, akapangusa mikono kwenye suruali.

Daftari langu, saa kumi na moja jioni:
mlango wa nne, moja nukta mbili moja nne, imetulia.
Na pembeni, kwa penseli, nje ya mstari:
Thuwaiba. Nguo. Mvua.