Sindano ya Ganzi, Punta Arenas

Eleuterio Barría, mkata manyoya ya kondoo,
aliingia na taya lililoumuka kama mkate,
kofia mkononi, samadi kwenye viatu.
"Ng'oa tu, daktari. Bila sindano."

Miaka arobaini nyuma, huko kambini,
mtu mmoja alimchoma ufizi
kama karani anayepiga muhuri.
Jino lile amelisahau.
Sindano bado iko.

Daktari Yerka hakumbishia.
Tangu mzee aanze kusimulia, kichupa cha dawa
kilikuwa kiganjani mwake, kimefumbatwa
kama yai lisilotakiwa kupoa.
"Dawa baridi," alisema, "huuma kuliko ncha."
Nje, upepo wa mlango-bahari ulikuwa ukigombana na mabati.

Akaukausha ufizi kwa pamba, akapaka jeli ya cheri,
kisha akafanya jambo ambalo mzee
hajawahi kuliona kwa daktari yeyote:
akaketi. Akangoja.
Dakika mbili nzima, kwa saa ya ukutani.

"Kondoo wangapi kwa siku?"
"Zamani? Mia na sitini."
"Na hawapigi mateke?"

Akacheka kooni. Kondoo, alieleza,
nusu ya maneno ikikwama kwenye pamba,
mkalishe kitako, mgongo wake magotini mwako,
akose pa kukanyagia, atatulia.
Lakini mkono ukiwa na haraka
ngozi hujua kabla wembe haujafika.

"Basi kazi yangu unaijua."

Mimi, msaidizi, nilimpitishia sindano
chini ya kidevu cha mzee, macho yasiione.
Yerka akalishika shavu, akalitikisa
kama nguo inayokung'utwa kabla ya kuanikwa,
na humo ndani ya mtikisiko
sindano ikaingia, ikatulia.
Tone.
Pumzi.
Tone,
manyunyu juu ya udongo mkavu,
yanayosubiri kuruhusiwa.

Nilivitazama vidole vyake kwenye mkono wa kiti.
Kimoja kikaachia. Kingine.
"Utaanza lini?"
"Nimeshamaliza."

Akagusa mdomo wake, asiupate.

Siku hizi, nasikia, vijana wa bandani wanamcheka:
mzee amekuwa mzito.
Alfajiri, kabla ya kondoo wa kwanza,
anaisimamisha foleni nzima
akikipasha chuma cha mashine
kwapani.