Faili la Shebwana

Boksi lilishuka gatini Jumanne,
limeandikwa ubavuni LISILOWE MAJI.
Ndani, kitabu kipya cha kuainisha maradhi ya akili,
na barua: cha zamani kisitumike tena
baada ya mwezi huu.

Mimi karani wa kumbukumbu. Sitibu mtu.
Bi Mwanatumu akisema, "Kifua changu chajaa mtanga,"
naandika F, thelathini na mbili, nukta, moja.
Mtanga haumo. Nimepekua hadi faharasa.

Nikavuta mafaili, moja moja, kubadilisha namba
kama mtu abadilishaye vitasa
vya nyumba yenye watu ndani.
Nikafika kwa Shebwana Lali, mshona kofia, Langoni.
F ishirini, nukta, sufuri. Miaka kumi na moja.
Kitabu kipya hakina nukta yake.
Aina imeondolewa; yamebaki maradhi.

Nisikidharau kitabu.
Kabla ya namba, Shebwana alikuwa na majina tele:
shangazi alisema upepo wa kisimani,
kaka alisema bangi,
jirani alisema amekosa radhi za mamake.
Kila jina lilikuwa na dawa yake, na dawa ya mwisho
ilikuwa mnyororo, nyuma ya sabule.
Namba ilikuja na sindano ya kila mwezi.
Namba haikumuuliza alimkosea nani.

Ndiyo maana aliishona.
Alinionyesha: kofia ya vito, nyeupe juu ya nyeupe,
na katikati ya mashada, tundu kwa tundu, namba yake.
Huioni mpaka uielekeze kwenye jua.

Alhamisi akaja. Nikamweleza.
Akanyamaza, akitazama feni isiyozunguka.
"Wamenifuta mimi, au wamefuta jina?"
Jina, nikasema.
"Na sauti?"
Nikamuuliza kama bado anazisikia.
"Zipo. Labda hazijaletewa barua."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hakucheka.
Akataka kuijua mpya. Nikaiandika kwenye kipande cha kadi:
sita, A, ishirini.
Akaihesabu kwa ncha ya sindano, hewani.
"Herufi katikati. Shada litakwenda upande."

Kanuni yetu yasema usisugue, usipake wino mweupe;
piga mstari mmoja, ili kilichofutwa kisomeke.
Nikapiga mbele yake. Mkono ulitetemeka,
mstari ukapinda penye nukta.

Naye akatoa futikamba mfukoni,
akaizungusha juu ya nyusi, akasoma kwa kidole.
"Ishirini na mbili na nusu," akasema.
"Andika na hiyo. Kitwa ni kile kile."