Kamba za Viatu

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mechi ikiisha,
tunaketi chumba cha nyuma cha klabu,
chini ya picha ya timu ya sabini na sita,
na Barry Sugden anaanza: "Mnaikumbuka Stannick?"

Nani asiyeikumbuka Stannick?
Mwaka juzi waliotuvizia darajani walikuwa arobaini.
Leo wamefika mia mbili.
Wafu hawazaani, ila maadui wa zamani huzaana,
kila bia ikimiminwa wanaongezeka kumi.

Nami nacheka. Nina goti la chuma
na vidonge vya presha mfukoni,
nacheka kama mtu aliyelipia tiketi.

Garimoshi walilotupa lilikuwa kuukuu,
halina taa, maana taa tulizivunja wenyewe msimu uliopita.
Tuliimba njia nzima ya Yorkshire,
mvua ikipiga madirisha,
tuliimba ili kila mmoja asisikie tumbo lake.
Stesheni, farasi.
Sijaona tena farasi wakubwa vile,
mvuke ukiwatoka puani,
na sisi katikati yao, watatu watatu, kama ng'ombe wa mnada.

Langoni sajenti mwenye masharubu mekundu akasema:
"Kamba."
Hatukumwelewa.
"Kamba za viatu. Zote.
Buti lisilofungwa halipigi mtu teke."

Tukainama, vijana mia tano, kwenye matope,
sisi ambao kanisani hatukuinama hata siku ya kipaimara.
Tukazitupa ndani ya pipa la mafuta:
nyeusi, nyeusi, kahawia, nyeusi,
na jozi moja ya manjano, ya Neil Tordoff,
zawadi ya dada yake, alipotimiza kumi na saba.
"Hizo nazirudia," Neil akamwambia sajenti.
Sajenti akacheka. Alikuwa na meno mazuri.

Matokeo siyakumbuki.
Waulize pale mezani, watabishana hadi taa zizimwe.

Tulipotoka, pipa likapinduliwa barabarani.
Chukueni, wakasema, na muondoke.
Giza limeshaingia.
Nikachota mbili bila kutazama, nikazitia mfukoni,
na hapo ndipo wakatokea kwenye uchochoro wa kiwanda,
vijana wa Stannick.
Wenyeji hawakuombwa kamba.

Umewahi kukimbia na buti lisilofungwa?
Unakunja vidole ndani, unaliomba lisikuache.
Barry husema tuliwafukuza hadi mtoni.
Barry alikuwa mbele yangu.
Nilikiona kisogo chake njia nzima.

Niligeuka mara moja.
Wote tulikuwa tumekwisha kutawanyika,
na Neil bado amechuchumaa kwenye lile rundo,
anapekua,
anainua moja, anaisogeza kwenye mwanga wa taa ya barabarani,
anaitupa, anainua nyingine.
Nilimwita. Nadhani nilimwita.

Hakufa. Hilo huwa tunalisema upesi.
Anaishi na dada yake, yule yule,
sikio moja linasikia,
na birika likipiga mluzi lazima mtu awahi kulizima.
Kila Desemba nampelekea kalenda ya klabu.
Huifungua ukurasa kwa ukurasa, polepole,
kisha huniuliza, "Stannick tulishinda?"
Tulishinda, namwambia.
"Ngapi?"
Hutaja idadi inayonijia. Mwaka jana tatu bila.
Alifurahi sana, tatu bila.

Usiku ule nilifika nyumbani soksi zimelowa damu.
Mama akawasha taa ya jikoni.
Nikatoa mkono mfukoni:
moja nyeusi,
moja ya manjano.

Nyeusi ilikatika zamani.
Nyingine nimefungia mlango wa kibanda cha bustani,
bawaba imeoza, upepo wa Machi hauna adabu.
Imepauka, lakini bado inashika.

"Mia mbili na hamsini!" Barry anapiga meza.
Ni zamu yangu kununua.
Nauliza nani anataka nini.