Ukurasa wa Lutonja

Mzee Lutonja Masesa aliuza kokoto.
Niliseme hilo mapema, lisije likanisuta mbele:
mkono ulionilisha ulishika nyundo,
na kazi yangu mimi ilikuwa kuandika majina ya mawe
kabla nyundo haijayafikia.

Siku ya kwanza nilipanda Mabatini na daftari la shule,
ndala moja imekatika, nimeifunga kwa uzi wa nyavu.
Akina mama walikuwa wakigonga, ko, ko, ko,
debe moja, madebe mawili,
mtoto kalala chini ya khanga iliyotundikwa kwenye vijiti.
Akaniita. "Wewe wa serikali?"
Hapana. "Wa kanisa?" Hapana.
"Basi nani anakulipa?"
Nikanyamaza. Chini yetu ziwa lilikuwa jeupe,
meli ya Ukerewe ikipiga honi ya kuaga.
Akacheka mpaka vumbi likamdondoka nyusini.
"Mwendawazimu mwenzangu. Kaa unywe uji."

Toka hapo sikununua tena kalamu.

Viatu vya mpira, jozi mbili, ya pili kubwa kupita kiasi
("miguu itavimba, kazi bado mbichi").
Nauli ya kivuko cha Kamanga,
noti zimekunjwa ndani ya kipande cha mfuko wa saruji,
nikizikumbuka hata leo napiga chafya.
Na lori lake, ile siku ya mvua, lilitupeleka Igombe tupu,
wateja wanamsubiri Nyakato, simu inalia mfukoni haipokei,
kwa sababu bibi mmoja, wa mwisho kulijua jina la jiwe fulani,
alikuwa anaumwa.
Tulimkuta hai. Alilitamka mara moja tu.
Lutonja akavua kofia kana kwamba ametajiwa mkwewe.

Wachapaji wa Mtaa wa Rufiji walidai nusu mkononi.
Alilipa yote. Nikamwambia, jina lako litakaa mbele kabisa.
"Thubutu! Mimi nayavunja.
Niweke hapo, mawe yatakucheka."

Msibani wapo waliosema ilikuwa toba,
wapo waliosema ujanja,
tajiri hakosi pa kuipumzishia dhambi yake.
Mimi niliyekunywa uji wake miaka kumi na mmoja
nasema sijui. Najua alipenda kuyasikia.
Jioni, madebe yameshahesabiwa, kila mama kashika chake,
alikuwa akiniambia "Soma," nami namsomea:
Mama Kajitwika. Kiti cha Mvua. Fisi Kalala.
Bibi Harusi Aliyegoma.
Naye amefumba macho, midomo inafuata bila sauti
kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.

Tulimzika Kisesa, kwenye kichanga,
kaburi halikutoa hata jiwe la kurushia ndege.
Wagonga kokoto walinipa mikono, kiganja baada ya kiganja,
migumu. Wabeja, wakasema, wabeja,
wakinishukuru mimi, sikuelewa kwa lipi.

Jana nimepanda tena Mabatini.
Machimbo yamekuwa shimo, na katikati ya shimo
jiwe moja limesimama, refu, halina alama ya nyundo.
Nilikuwa nalipita kila siku nikiwahi uji.
Shija, mwanawe, yupo na mkandarasi wanalipima kwa kamba.
"Baba alikataa lisiguswe," akasema.
"Tukimuuliza anasema, subirini,
hilo yule kijana hajaliandika."

Miaka kumi na mmoja.
Hakuniambia. Nami sikuuliza.

Nimefungua daftari. Nimeandika tarehe,
nimeandika kimo, na upande linakoelekea, ziwani,
na korongo wawili juu yake, wamenuna.
Palipo na jina pako wazi.
Nimezunguka nyumba kwa nyumba mpaka giza;
wote wanalijua, wote wanaliita jiwe la Lutonja,
na hilo ndilo jina alilonikataza.

Nipe wiki moja, nimemwambia Shija.
Kanipa siku tatu.